Mzee wa Majina Mengi

Marehemu Mzee Jomo Kenyatta twamjua sote, lakini siku aliyozaliwa haikuandikwa popote.

Nyumbani aliitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka wa 1909 aliingia shule ya wamisheni Waskoti kule Thogoto. Ati hata jina Thogoto latokana na Scotland! Mwaka wa 1914 akabatizwa. Alitaka kuitwa John Peter, wakamwambia achague moja tu. Basi, kwa kuwa Petro ni jiwe, akalitia jiwe ndani ya John, akawa Johnstone Kamau. Baadaye, akisoma mita za maji hapa Nairobi, alivaa mshipi wa shanga, akajiita Kenyatta. Jina Jomo lilikuja na kitabu chake cha 1938. Aliaga dunia tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa penye Bunge.

Sasa, ukimtafuta Jomo kwenye daftari la ubatizo la 1914, utampata wapi? Kama Rais mzima ni hivyo, je, nyanya zetu? Tuwaulize majina yao yote, tuandike, wangali hai. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukoo vilevile.