Guru Dutt na hukumu ya soko

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii naisikia kila siku hapa Eastlands, kuanzia kwa wauza mitumba wa Gikomba hadi kwa vijana wa Kaloleni na Jericho wanaorekodi nyimbo zao na kuzitawanya kwa simu. Kijana akipata wasikilizaji elfu hamsini, wenzake humwita msanii. Akipata arobaini, humshauri atafute kazi. Basi leo, ndugu msomaji, nimeonelea niandike habari za mtu ambaye methali hiyo ilimsadikia mara moja, ikamgeuka mara nyingine, naye akaichukua ile mara ya pili kuwa ndiyo kauli ya mwisho. Mtu huyo ni marehemu Guru Dutt, mtengenezaji wa sinema za Kihindi.

Huenda vijana wakauliza Mhindi huyo anatuhusu nini. Anatuhusu. Zamani za ukoloni Eastleigh ilikuwa na familia nyingi za Kihindi, na jirani yake, Pumwani, walikaa Waswahili, wakiwamo wengi wenye asili ya pwani. Kule Ngara, mwendo wa miguu tu, palikuwa na jumba la Shan lililoonyesha sinema za Kihindi. Jengo lenyewe lingalipo, na siku hizi ni la watu wa sarakasi. Watu waliingia mle bila kujua neno la Kihindi, wakatoka na tuni mdomoni. Kwetu Mombasa waimbaji wa tarabu, mmoja wao marehemu Juma Bhalo, walizichukua tuni za sinema hizo wakazivika mashairi ya Kiswahili. Mimi nilizijua tuni hizo nikiwa mtoto wa chuoni, nisijue zimetoka wapi.

Guru Dutt alizaliwa Bangalore tarehe 9 Julai, 1925, na jina alilopewa na wazazi wake ni Vasanth Kumar Shivashankar Padukone. Utoto wake mwingi aliupitisha Calcutta, na nyumba yao haikuwa ya watu wenye mali. Katika ujana wake alikwenda Almora, milimani kaskazini, kujifunza ngoma kwa Uday Shankar, bingwa wa ngoma wa India wa zama zile. Aliwahi pia kuwa mpokea simu katika kiwanda cha Lever Brothers kule Calcutta, lakini kazi hiyo hakudumu nayo. Mwaka 1944 aliingia kampuni ya sinema ya Prabhat mjini Poona, akipanga hatua za wachezaji ngoma.

Huko ndiko alikokutana na Dev Anand, kijana mwenzake aliyekuwa akitafuta riziki kwa uigizaji. Inasimuliwa kuwa dobi aliwabadilishia mashati, na kutoka hapo wakawa marafiki. Wakaahidiana kuwa atakayetangulia kufanikiwa atamvuta mwenzake. Dev Anand ndiye aliyetangulia, naye akatimiza ahadi: mwaka 1951 kampuni yake ya Navketan ilimkabidhi Guru Dutt sinema ya Baazi aiongoze. Ilikuwa hadithi ya mcheza kamari, nayo iliingiza fedha nyingi. Katika sinema hiyo aliimba binti mmoja jina lake Geeta Roy, na mwaka 1953 Guru Dutt akamwoa.

Zikafuata Aar Paar mwaka 1954 na Mr. & Mrs. '55 mwaka 1955, zote mbili za kuchekesha, zote zikapendwa na zikauzika. Mchekeshaji wake alikuwa Johnny Walker, ambaye kabla ya sinema alikuwa kondakta wa mabasi ya Bombay. Makanga wetu wa matatu na wajue kuwa mwenzao mmoja alifika mbali.

Wapo wanaosema kuwa sinema hizi za mwanzo zilikuwa za biashara tu, na sanaa ilikuja baadaye. Mimi sikubaliani nao. Desturi ya sinema za Kihindi wakati ule ilikuwa hadithi isimame, watu waimbe, kisha hadithi iendelee. Wimbo ulipachikwa kama kiraka kwa kuwa ndio uliouza tikiti. Guru Dutt aliuchukua wimbo ule ule wa kuuzia tikiti akautia kazini: mchezaji alianza kuimba pale maneno ya kawaida yalipomshinda, na wimbo ukiisha jambo limekwisha badilika. Hakulipiga vita soko. Alilipa lilichotaka, na ndani yake akatia alichotaka yeye.

Fedha alizochuma ndizo zilizomwezesha kutengeneza Pyaasa, yaani Mwenye Kiu, mwaka 1957. Niliiona kwa kanda ya video katika nyumba ya jirani hapa Pumwani, miaka ya 1980, na sijaisahau. Yeye mwenyewe anacheza mtunzi wa mashairi aitwaye Vijay, maskini asiye na pa kulala. Ndugu zake wanayauza mashairi yake kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Mwanamke wa barabarani, Gulabo, aliyechezwa na Waheeda Rehman, ndiye anayeyanunua na kuyatunza. Kisha watu wanadhani Vijay amekufa. Mashairi yake yanachapishwa, kitabu kinauzwa kama maandazi ya moto, na wale wale waliomfukuza wanagombania faida. Vijay anatokea akiwa hai katika hafla ya kumkumbuka, anaiona biashara inayofanywa kwa jina lake, na mwishowe anaukana umaarufu huo na kuondoka na Gulabo.

Sinema hiyo yenye uchungu namna hiyo, iliyolilaumu soko waziwazi, ililishinda soko. Watu walijaa. Naona sababu ni kuwa maskini aliyekaa kwenye viti vya bei rahisi alimjua Vijay. Fundi wa Makongeni, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, angemjua pia: mtu mwenye kipawa asiye na nauli. Hapo methali yetu ilisadikika kabisa.

Miaka miwili baadaye alitoa Kaagaz Ke Phool, yaani Maua ya Karatasi. Hii ilikuwa sinema ya kwanza ya India kupigwa kwa CinemaScope, ile picha pana. Mpiga picha wake, V. K. Murthy, aliupitisha mwali wa mwanga katika giza la studio kwa namna ambayo mabingwa hadi leo wanaitazama na kujifunza. Hadithi ni ya mwongozaji mashuhuri wa sinema ambaye ndoa yake imevunjika. Anamwinua msichana mmoja kuwa nyota, kisha yeye mwenyewe anaanguka, na anafia kwenye kiti chake cha uongozaji katika studio tupu.

Watu waliikataa. Vijay aliwahusu, lakini huyu alikuwa bwana mkubwa mwenye gari akililia ufalme uliompotea. Tena hadithi ilikwenda polepole, na mwisho wake haukuwapa hata Gulabo wa kuondoka naye. Hasara ilikuwa kubwa. Aliyeonyesha mwongozaji akianguka kwa sababu ya sinema iliyokataliwa, akaangushwa na sinema hiyo hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Guru Dutt alikuwa na umri wa miaka 34, na hakuandika tena jina lake kama mwongozaji katika sinema yoyote. Mwaka 1960 kampuni yake ilitoa Chaudhvin Ka Chand, yaani Mwezi wa Kumi na Nne, ikiongozwa na M. Sadiq. Ni hadithi ya Waislamu wa Lucknow, na mkasa wote unatokana na wanawake wenye kujitanda, wanaume wasijue nani ni nani. Wimbo wake mkuu, ulioimbwa na Mohammed Rafi, ulivuka bahari hadi kwetu. Sinema hiyo ilifanikiwa sana, na kampuni ikasimama tena.

Mwaka 1962 ikaja Sahib Bibi Aur Ghulam, majina ambayo mtu wa pwani hahitaji mkalimani kuyaelewa. Mwongozaji aliyeandikwa ni Abrar Alvi, mwandishi wake wa siku nyingi, na Meena Kumari alicheza mke anayeteketea kwa pombe ndani ya jumba la kifahari. Ilipata tuzo ya serikali ya India ya sinema bora ya Kihindi, na mwaka 1963 ilionyeshwa katika tamasha la Berlin. Watazamaji wengi wanauona mkono wa Guru Dutt katika sinema ile, lakini jina lake halipo mahali pa mwongozaji.

Alifariki nyumbani kwake Bombay tarehe 10 Oktoba, 1964, akiwa na miaka 39, kutokana na pombe iliyochanganyika na dawa za usingizi. Kama ilikuwa ajali au kusudi, watu wamebishana tangu siku ile, na mimi siwezi kuamua. Mkewe Geeta alimfuata mwaka 1972.

Baada ya kifo chake mambo yalikwenda kama yalivyokwenda kwa Vijay. Maua ya Karatasi yaliyotupwa yakaokotwa. Yakaanza kuonyeshwa India na Ulaya, yakasomeshwa katika vyuo vya sinema. Mwaka 2004 serikali ya India ilitoa stempu yenye sura yake, na mwaka 2005 jarida la Time la Marekani liliitia Pyaasa katika orodha yake ya sinema 100 bora.

Siwalaumu watazamaji wa mwaka 1959. Walitoa rupia zao walizozitolea jasho, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kupenda. Wala siwezi kuwaambia vijana wa Eastlands walidharau soko. Bila fedha za Aar Paar hapangekuwa na Pyaasa, na bila Mwezi wa Kumi na Nne sidhani kama Sahib Bibi Aur Ghulam ingepatikana. Ninachokiona mimi ni kuwa soko ni shahidi, na shahidi husema alichokiona siku ile. Guru Dutt alimfanya shahidi kuwa kadhi. Kizuri chajiuza, ni kweli, lakini methali haikutaja siku. Kijana mwenye wasikilizaji arobaini na atafute kazi ya kumlisha, hilo si aibu. Ila utunzi wake ukiwa mwema, asilifute jina lake chini yake.