Turlough O'Carolan: Kipofu Aliyekabidhiwa Kinubi

Wapendwa waamini, tunapokutana na mwenye shida mlangoni pa kanisa, mkono wetu hukimbilia sarafu. Sisi wenyewe tumewahi kumpa kijana kipofu sadaka yetu, tukapita bila hata kumwuliza jina. Ni tendo jema, lakini ni dogo. Maisha ya Turlough O'Carolan, mpiga kinubi mashuhuri wa Ireland, yanatufundisha kwamba upendo unaweza kwenda mbali zaidi.

O'Carolan alizaliwa mwaka 1670 karibu na Nobber, kaunti ya Meath. Baadaye baba yake alipata kazi kwa familia ya MacDermott Roe, katika kaunti ya Roscommon, na wote wakahamia huko. Mama wa nyumba hiyo alitambua akili ya kijana huyo, akamsaidia kupata elimu. Alipofikia umri wa miaka 18, ndui ilimshika. Alipona, lakini macho yake yakapofuka.

Kipofu maskini wa zama zile angeweza kuishia kuombaomba njiani. Mama MacDermott Roe hakuliacha jambo hilo litokee. Alimtafutia mwalimu wa kinubi kwa muda wa miaka mitatu. Mafunzo yalipokwisha, akampa farasi, mtu wa kumwongoza njia, na fedha za kuanzia. Hivyo, akiwa na miaka 21, O'Carolan aliingia barabarani akiwa na kazi yake mwenyewe.

Nyakati zilikuwa ngumu kwa Wakatoliki wa Ireland. Sheria za watawala ziliwanyima shule zao na kuwazuia kununua ardhi, na sheria ya mwaka 1697 iliwafukuza nchini maaskofu na watawa. Katika nchi hiyo iliyogawanyika, mpiga kinubi huyu Mkatoliki alisafiri kwa karibu miaka 50, akipokelewa katika nyumba za Wakatoliki na za Waprotestanti pia.

Kwa kuwa alianza kujifunza akiwa amechelewa, vidole vyake havikufikia wepesi wa waliofunzwa tangu utotoni. Mwenyeji wake mmoja katika kaunti ya Leitrim, George Reynolds, alimshauri ajaribu kutunga. Ushauri huo ulifungua karama yake. Alitunga sauti kwanza na maneno baadaye, kinyume cha desturi, na mara nyingi aliupa wimbo jina la aliyemkaribisha. Zaidi ya sauti 200 zinazohesabiwa kuwa zake zimehifadhiwa. Mwaka 1792, wapiga kinubi walipokusanyika Belfast, kijana Edward Bunting aliandika nyimbo walizopiga, na za O'Carolan zilikuwamo.

Hatumweki altareni, wasimulizi wanakiri kwamba alipenda sana kileo. Lakini alikuwa mtu wa imani. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kuhiji Lough Derg, alimshika mkono mwanamke mmoja ili amsaidie kupanda mashua, akamtambua papo hapo kwa kumgusa tu: alikuwa Bridget Cruise, aliyempenda ujanani. O'Carolan alimwoa Mary Maguire, wakajaliwa binti sita na mwana mmoja. Mke wake alifariki mwaka 1733.

Mwaka 1738, alipohisi mwisho wake umekaribia, hakwenda kwa tajiri yeyote kati ya wengi waliomsifu. Alirudi kwa Mama MacDermott Roe, ambaye sasa alikuwa mzee sana. Inasimuliwa kwamba aliomba kinubi chake, akapiga wimbo wa kuuaga muziki, kisha akaenda kulala. Alifariki tarehe 25 Machi, siku ya Kupashwa Habari Kuzaliwa kwa Bwana, akazikwa Kilronan, mahali pa maziko pa familia iliyomlea.

Wapendwa, nyimbo hizo zinapigwa hadi leo kwa sababu mama mmoja hakuridhika na kutoa sadaka. Katika Jumuiya zetu Ndogondogo wapo vijana waliopoteza macho au viungo. Tuwaulize majina yao, tuwaulize wanaweza nini na wanatamani kujifunza nini, kisha tuchangie ada ya ufundi au chombo cha kazi. Bwana aliyemgusa kipofu kwa mikono yake atujalie mikono ya namna hiyo. Amina.