Major Taylor: klabu zilimukatalia, akakuwa bingwa wa dunia

Hapa Goma mutu wa kinga anatoka nyumbani na ulizo moja: je, wataniona? Kuko malori, kuko jeep, kuko wamotari wanaopita kushoto na kuume. Jioni, umeme ukikatika, barabara inakuwa nyeusi sawa na mawe ya volkano. Chukudu yenye mizigo ya makala iko kubwa, kila mutu anaiona. Lakini kijana peke yake juu ya kinga, nani anamuhesabia? Leo tunasimulia maisha ya mutu ambaye ulizo hilo lilimufuata tangu utoto mupaka kaburi. Ni Marshall Walter Taylor, Mumarekani mweusi, ambaye dunia ilimujua kwa jina la Major Taylor.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1878 mu Indianapolis, jimbo la Indiana. Baba yake, Gilbert, alikuwa anaendesha gari la farasi la familia moja ya wazungu matajiri, wa Southard. Familia hiyo ilikuwa na mutoto wa kiume, Dan, wa umri mumoja na Marshall. Wakamuchukua akae kwao, awe rafiki ya mutoto wao. Akacheza nao, akasoma nao, na ndiko alipata kinga yake ya kwanza. Lakini watoto wale walipoenda kufanya mazoezi mu jengo la YMCA la muji, wenzake waliingia, yeye akabakia inje juu ya rangi yake. Kisha familia ikahamia Chicago. Mama yake akakatala aende nao, naye akarudi kwa wazazi.

Ile kinga ikakuwa chombo chake cha kazi. Alianza kugawa magazeti, na njiani akawa anajifunza michezo juu ya kinga. Wenye magazini moja ya kinga, Hay & Willits, walipoona ufundi wake wakamupa kazi: afagie ndani, kisha atoke mbele ya mulango acheze na kinga ili watu wasimame. Walimuvalisha vazi la kiaskari lenye vifungo vya kungaa. Ndipo watu wakaanza kumuita Major, na jina likashika. Fikiri: kijana mweusi, kazi yake ni kuonekana. Wateja walikuja kwa wingi.

Lakini kuonekana mbele ya magazini na kuonekana mu mbio ni vitu viwili. Wakati ule Marekani yote ilishikwa na hamu ya kinga, na kila muji ulikuwa na klabu zake. Mu Indianapolis klabu kubwa iliitwa Zig-Zag, na haikupokea weusi. Basi weusi wakaunda yao, wakaiita See-Saw, na Taylor akaingia. Mu mwaka wa 1894, shirikisho kubwa la watu wa kinga, League of American Wheelmen, lilipiga kura kwamba mweusi hataingia tena kama memba. Kanuni hiyo ilikuja kufutwa rasmi mu 1999, zaidi ya miaka mia moja kisha.

Tarehe 30 Juni 1895 kulipangwa mbio za kilometa 120 hivi, kutoka Indianapolis mupaka Matthews. Muandalizi alimukubali Taylor, lakini kwa siri, juu wengine wangekatala kuanza. Ile siku akajificha karibu na mahali pa kuanzia. Bunduki ilipolia, akangoja wenzake watoke, kisha akaingia nyuma yao. Walipomuona, matusi na vitisho vikaanza. Yeye akakanyaga kwa nguvu, akawaacha. Njiani mvua ikanyesha, barabara ikakuwa matope, na mumoja mumoja wakaacha mbio. Taylor peke yake ndiye alifika mwisho.

Mwaka ule ule, mzungu mumoja aliyekuwa mukimbiaji zamani, Louis Munger, ambaye alimupenda na kumufundisha, alihama naye mupaka Worcester, jimbo la Massachusetts. Huko YMCA ilimufungulia mulango, na akaingia mu klabu ya weusi, Albion. Desemba 1896 alianza mbio za malipo mu New York, mu mashindano ya siku sita mfululizo. Alikuwa na miaka 18. Akamaliza wa nane, kisha kukimbia zaidi ya kilometa 2.700.

Kuanzia hapo wapinzani walimujua vizuri. Walikuwa wanapatana kabla ya mbio: wamufunge katikati, wamusukume, wamupige viwiko. Mu mwaka wa 1897, mu muji wa Taunton, mumoja alimutupa chini na kumukaba shingo mupaka akapoteza fahamu. Mwenye kosa alilipa dola 50, basi. Miji ya kusini mwa Marekani ilimukatalia kabisa kukimbia. Taylor akajifunza kukaa mbele, mahali watazamaji wote wanamuona, kwa sababu ndani ya kundi ndimo walimuumizia.

Tarehe 10 Agosti 1899, mu Montreal, inchi ya Kanada, alishinda mbio za maili moja na kuwa bingwa wa dunia. Hakukuwa bado Mumarekani mweusi aliyefika pale mu kinga. Mwaka uliofuata akakuwa bingwa wa Marekani. Ulaya ikamuita, lakini yeye alikuwa mu Baptisti wa kweli, hakukimbia siku ya Yenga. Alikatala feza nyingi juu ya jambo hilo. Mu 1901 waandalizi wakakubali, na akaenda. Kule Paris alikutana na bingwa wa Wafaransa, Edmond Jacquelin. Mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akashinda mbele ya watu wengi sana. Mu safari ile alishinda mara 42.

Mu 1902 alioa Daisy Morris. Walienda pamoja Australia, na binti yao alizaliwa kule Sydney mu 1904, wakamupa jina Rita Sydney. Lakini mwili na roho vilichoka. Mu 1910, akiwa na miaka 31, aliacha mbio.

Kisha feza zikaisha. Biashara zilianguka, magonjwa yakaingia, ndoa ikavunjika. Aliandika kitabu cha maisha yake, akakichapisha mwenyewe, akatembea nyumba kwa nyumba mu Chicago akikiuzisha. Bingwa wa dunia akapita mu barabara bila mutu kumugeukia. Alikufa tarehe 21 Juni 1932 mu hospitali ya Chicago, mu chumba cha maskini. Akazikwa mu kaburi la maskini, lisilo na jina.

Ni klabu ndiyo ilimutafuta. Mu 1948 chama cha wazee waliokimbia mbio za kinga zamani kiliomba musaada kwa Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha kinga. Wakamutoa pale, wakamuzika mahali pazuri mu makaburi yale yale, na jina lake likaandikwa juu. Leo uwanja wa mbio wa Indianapolis unaitwa jina lake, Worcester ilimujengea sanamu mu 2008, na klabu nyingi za weusi wa Marekani zinabeba jina Major Taylor.

Na sisi? Septemba 2025 mashindano ya dunia ya kinga barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, kule Kigali. Vijana wetu wako na miguu, na milima hapa haikosekani. Lakini wazazi wanaogopa barabara, na wako na haki. Basi mwenye kinga avae nguo ya kungaa, aweke taa nyeupe mbele na kioo chekundu nyuma, hata kama anaenda tu Birere kununua mukate. Na zaidi ya yote asikae peke yake. Kundi la watu kumi juu ya kinga, dereva wa lori analiona toka mbali. Wa mbele anaonyesha shimo kwa mukono, wa nyuma anatangaza gari. Mumoja asiporudi, wenzake wanajua na wanamutafuta.

Kama karibu na wewe hakuna klabu, watu watatu wanatosha kuanza. Weusi wa Indianapolis hawakungoja Zig-Zag ifungue mulango.