Tolstoy alipoacha kanisa, kazi ndiyo kwanza ikaanza

Siku hizi si ajabu kumsikia kijana akisema Yesu anamkubali, ila kanisa limemchosha. Biblia yake inamtosha. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, nchini Urusi, kuna mzee aliyefuata njia hiyo hiyo, naye alikuwa na mengi ya kupoteza. Ni mwandishi Leo Tolstoy.

Alizaliwa mwaka wa 1828 katika familia ya makabaila huko Yasnaya Polyana, kusini mwa Moscow. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo. Alijiunga na chuo kikuu cha Kazan akatoka bila shahada. Kisha kamari ikamkamata hadi akaingia kwenye madeni. Akaingia jeshini, akapigana vita vya Crimea.

Mnamo 1862 alimwoa Sofia, wakajaliwa watoto 13. Riwaya zake mbili, Vita na Amani na Anna Karenina, zikampa jina duniani kote. Pesa alikuwa nazo, sifa pia. Lakini alipokaribia miaka 50 aliona maisha hayana maana, hata akawaza kujitoa uhai.

Alikimbilia Kanisa la Othodoksi. Akafunga, akasali pamoja na wakulima maskini, ambao imani yao aliionea wivu. Ila hakuelewa kwa nini kanisa lilibariki vita na kuwaona Wakristo wa madhehebu mengine kama maadui. Akatoka.

Akachukua Injili zote nne, akazitafsiri upya mwenyewe kutoka Kigiriki na kuziunganisha ziwe simulizi moja. Miujiza aliiondoa, hata ufufuo. Hapo ndipo wengi hubishana naye hadi leo: kama unasoma peke yako, nani atakuambia umekata pasipofaa?

Lakini alichobakisha hakikuwa chepesi. Yalikuwa mafundisho ya Yesu mlimani, yanayopatikana katika Mathayo sura ya 5 hadi ya 7: usikasirike, usiape, usilipize ubaya kwa ubaya, mpende adui. Tolstoy aliyachukua jinsi yalivyo. Aliacha nyama, pombe, sigara na uwindaji. Akalima shamba kwa mikono yake na kujifunza kushona viatu. Njaa ilipoikumba Urusi mwaka wa 1891, alifungua majiko na kulisha maelfu ya watu.

Serikali ilipiga marufuku kitabu chake kuhusu ufalme wa Mungu, lakini kilichapishwa Ujerumani mnamo 1894. Kikamfikia wakili kijana aliyekuwa Afrika Kusini, Mohandas Gandhi, kikamgeuza mawazo. Mwaka wa 1901, kanisa likatangaza rasmi kwamba Tolstoy si mmoja wao tena.

Kanisa halikumsumbua kama nyumbani kwake. Alitaka kugawa mali yake yote. Sofia, aliyekuwa amenakili riwaya zake kwa mkono usiku kucha, aliuliza watoto watakula nini. Swali la haki kabisa. Tolstoy aliwaachia familia mashamba, akakataa malipo ya vitabu vyake vya baadaye, lakini ugomvi haukuisha. Mtu aliyefundisha kupenda adui alishindwa kuishi kwa amani na mkewe.

Usiku mmoja mwishoni mwa 1910, akiwa na miaka 82, alitoroka nyumbani. Aliugua akiwa kwenye treni, akafariki Novemba katika kituo kidogo cha Astapovo. Sofia alifika, lakini hakuruhusiwa kumwona hadi alipokuwa karibu kukata roho. Alizikwa msituni Yasnaya Polyana bila kasisi, na kaburi lake halina msalaba wala jina.

Kwa hivyo wewe unayesema Biblia yako inatosha, mzee huyu hakupingi. Anakuonyesha tu kwamba ukishatoka kanisani, Mathayo 5 bado inakungoja, na mtihani wake wa kwanza uko sebuleni kwenu.