Moreau, karani aliyehesabu kupe tumboni mwa ndege

WAFUGAJI wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wanamfahamu vizuri askari wa kifaru, yule ndege wa kahawia mwenye mdomo mwekundu anayepanda mgongoni mwa ng'ombe na punda. Wapo wanaomwona rafiki kwa kuwa anakula kupe. Wengine humfukuza kwa kuwa anadonoa vidonda.

Aliyeliingiza suala hilo kwenye hesabu, enzi za Tanganyika, ni Reginald Moreau, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1897. Hakuanza kama mtaalamu wa ndege. Alianza katika ukaguzi wa hesabu za jeshi la nchi yake. Ugonjwa wa viungo ulimfanya aombe kituo chenye joto, akapelekwa Cairo, Misri, na huko ndiko alikojifunza kuangalia ndege wakati wa mapumziko.

Mwaka 1928 alihamia Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa ya ofisini, si ya maabara. Lakini nyumba za kituo zilipakana na msitu, na ndege walijaa kila upande. Yeye, mkewe Winifred na wasaidizi wenyeji aliowafundisha walikaa karibu na viota na kuandika kila safari ya ndege anayeleta chakula. Mwaka 1938 alimpa ndege mmoja wa milima ya Uluguru jina la mkewe.

Tabia ya mkaguzi haikumtoka. Mwaka 1933 alichapisha matokeo ya kupasua matumbo ya askari wa kifaru 58. Ndani yake zilikutwa kupe 2,291, wastani wa kupe 39 hivi kwa kila ndege. Kwa mfugaji anayepoteza ndama kwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, hizo si takwimu za kupuuza.

Kwa hondohondo, ambaye jike hujifungia ndani ya tundu la mti na kulishwa na dume, Moreau na mkewe walikadiria kwamba dume mmoja alileta matunda 24,000 katika safari 1,600 kwa siku 120. Mbegu za matunda hayo hutawanywa na ndege hao, na msitu hupata miche bila mtu kupanda.

Moreau aliondoka Amani baada ya Vita Kuu ya Pili, akafanya kazi Oxford na kuhariri jarida maarufu la ndege, Ibis, hadi mwaka 1960. Alifariki mwaka 1970. Kitabu chake kuhusu ndege wanaohama kati ya Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972. Miongoni mwa wasafiri hao ni korongo weupe, ambao wakifika kwetu hula panzi na viwavijeshi mashambani.

Hata hivyo, hesabu ya mwaka 1933 haikumaliza ubishi. Utafiti uliofanyika Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa ng'ombe waliozuiliwa ndege hao hawakuwa na kupe wengi zaidi, na vidonda vyao vilipona haraka. Kwa hiyo askari wa kifaru hawezi kuchukua nafasi ya josho. Ni msaidizi mwenye gharama zake.

Lakini josho nalo linaweza kumuua. Dawa za zamani zenye aseniki ziliwapunguza sana ndege hao katika sehemu nyingi za Afrika. Zipo dawa, kama zenye amitraz, zinazojulikana kuwa na madhara madogo kwao. Mfugaji aulize kwa ofisa mifugo kabla ya kununua.

Kabla ya kumfukuza ndege au kumlinda, mfugaji anaweza kufanya alichofanya Moreau. Achukue daftari na kalamu, ahesabu kupe na vidonda vya ng'ombe wake kila wiki kwa msimu mmoja, kisha aamue.