Mfalme Richard wa Tatu

Wengi wetu tulimjua Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza kwa mchezo wa Shakespeare: mwenye kibyongo, mkono uliosinyaa, mwuaji wa watoto. Lakini mchezo huo uliandikwa yapata miaka 100 baada ya kifo chake, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa yule Henry Tudor aliyemshinda vitani. Naye Thomas More, aliyeandika habari zake mapema zaidi, alitumika utotoni nyumbani mwa John Morton, askofu aliyekuwa adui wa Richard. Kalamu ilikuwa mikononi mwa washindi.

Mwaka 2012 mifupa yake ilifukuliwa mjini Leicester, chini ya uwanja wa kuegeshea magari, palipokuwa zamani na kanisa la watawa Wafransisko. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda upande, lakini hakuwa na kibyongo, na mikono yote ilikuwa mizima. Basi ikiwa mkono ulisingiziwa, je, na mengine?

Alitawala miaka miwili tu, hata akauawa Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, mwenye umri wa miaka 32. Bunge lake la 1484 lilitunga sheria ambazo mnyonge yeyote angezishukuru: mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa aweza kupewa dhamana, wala mali yake isitwaliwe kabla ya kuhukumiwa.

Hata hivyo hatuwezi kumtakasa. Mfalme huyo huyo, kabla ya kuvikwa taji, alimkatisha kichwa Bwana Hastings bila kesi. Tena wako wale watoto, Edward wa miaka 12 na Richard wa miaka 9. Kaka yake alipofariki Aprili 1483, yeye ndiye baba yao mdogo aliyepaswa kuwalinda. Aliwaweka katika Mnara wa London, akatwaa kiti cha mkubwa, nao hawakuonekana tena. Nani aliwaua, kama waliuawa, hakuna ushahidi wa kutosha. Lakini uvumi ulipoenea, ingalimtosha kuwatoa nje watu wawaone. Hakufanya hivyo, na kwetu sisi jambo hilo ni zito kuliko michezo yote ya kuigiza.

Tarehe 26 Machi 2015 alizikwa tena kwa heshima katika Kanisa Kuu la Leicester, Askofu Mkuu wa Canterbury akiwapo. Kwa upande wa watoto, ipo mifupa iliyookotwa kwenye Mnara mwaka 1674 na kuwekwa Westminster Abbey, wala haijathibitishwa kwamba ni yao.