Maisha ya Daktari Carter Woodson, Mwalimu wa Walimu

Sisi wanafunzi tukisikia neno historia, wengi wetu hufikiri juu ya tarehe na majina ya wafalme, mambo ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Ni mara chache tunajiuliza kitabu tulicho nacho mkononi kilitoka wapi, ni nani aliyekiandika, na mwalimu wetu aliyapata wapi maarifa anayotufundisha. Katika toleo hili nataka kuwaeleza wasomaji habari za mtu aliyejiuliza maswali hayo maisha yake yote, akayajibu kwa kazi yake mwenyewe. Mtu huyo ni Daktari Carter Godwin Woodson wa Marekani.

Woodson alizaliwa tarehe 19 Desemba, 1875, mahali paitwapo New Canton katika jimbo la Virginia. Wakati huo ilikuwa imepita miaka kumi tu tangu kwisha kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vita ambavyo mwisho wake watumwa wa Marekani walipata uhuru. Baba yake, James, na mama yake, Anne Eliza, wote wawili walikuwa watumwa kabla ya vita. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa na shamba dogo na watoto wengi, na kila mkono ulihitajiwa shambani. Kwa sababu hiyo Carter hakuweza kuhudhuria shule mwaka mzima, bali miezi michache tu, katika shule ya chumba kimoja iliyofundishwa na wajomba zake wawili.

Alipofika umri wa miaka kumi na saba aliondoka kwao, akaenda jimbo la West Virginia kutafuta kazi. Kwanza alifanya kazi ya kutandika reli, kisha akaingia katika machimbo ya makaa ya mawe huko Nuttallburg. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na ya hatari. Lakini huko machimboni ndiko alikopata shule yake ya kwanza ya historia, na mwalimu wake hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa mchimba makaa aitwaye Oliver Jones, askari wa zamani wa vita vile, ambaye nyumbani kwake wachimbaji walikusanyika jioni kula na kuzungumza. Bwana Jones hakujua kusoma, ila alipenda sana habari na alikuwa amekusanya vitabu na magazeti. Akapatana na kijana Woodson kwamba awasomee magazeti kila jioni, naye atakula bila kulipa. Basi Woodson akawa anasoma, na wazee wale wakawa wanaeleza mambo waliyoyaona wenyewe vitani na utumwani. Hapo kijana akatambua jambo ambalo hakulisahau tena, kwamba watu wasiojua kusoma walikuwa na historia kubwa vichwani mwao, na historia hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha shule.

Mwaka 1895, akiwa na umri wa karibu miaka ishirini, aliingia shule ya sekondari ya Douglass katika mji wa Huntington. Wengine wangeona haya kukaa darasani na watoto wadogo kuliko wao, lakini yeye hakujali. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa muda usiozidi miaka miwili. Baadaye akafundisha shule ya watoto wa wachimba makaa, na mwaka 1900 akarudi kuwa mwalimu mkuu wa shule ile ile ya Douglass. Wakati huo huo alikuwa akisoma kidogo kidogo katika chuo cha Berea, Kentucky, ambako weusi na weupe walisoma pamoja. Alipata shahada yake mwaka 1903. Mwaka uliofuata jimbo la Kentucky likapitisha sheria ya kuwakataza watu wa rangi mbalimbali kusoma chuo kimoja. Woodson aliupita mlango huo muda mfupi tu kabla haujafungwa.

Katika mwaka huo wa 1903 serikali ya Marekani ilimpeleka visiwa vya Ufilipino kuwa mwalimu na msimamizi wa shule, akakaa huko mpaka 1907. Walimu wengi wa Kimarekani walikuwa wamefika na vitabu vya kwao. Watoto wa Kifilipino walifundishwa nyimbo za mti wa tufaha, na hali hawajauona mti huo tangu kuzaliwa. Walisomeshwa habari za mashujaa wa Marekani, na mashujaa wao wenyewe hawakutajwa. Si ajabu masomo hayakuwaingia. Miaka mingi baadaye Woodson alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1933 kwamba mwalimu mmoja aliyefanikiwa alikuwa mtu ambaye hakusomea ualimu hata kidogo, bali alitoka katika kazi ya bima. Mwalimu huyu aliacha mti wa tufaha, akawaimbisha watoto habari za mti wao uitwao lomboy, nao ni huu huu mzambarau tunaoujua sisi. Aliwaeleza kwanza habari za José Rizal, shujaa wao, kisha ndipo akawapeleka nchi za mbali. Watoto wakaelewa. Woodson aliliweka jambo hili moyoni, maana aliona kwamba mwalimu hawezi kumpeleka mtoto asikokujua kama hakuanzia pale mtoto anapopajua.

Aliporudi alipitia Asia na Ulaya, akasoma kwa muda mfupi katika chuo cha Sorbonne, Paris. Mwaka 1908 akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1912 akapata udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa Mtu Mweusi wa pili kupata udaktari katika chuo hicho, wa kwanza akiwa Bwana W. E. B. Du Bois. Tena hakuupata kwa raha. Miaka ya mwisho ya kuandika tasnifu yake alikuwa akifundisha shule za sekondari mjini Washington, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na historia, na baada ya vipindi alikwenda kusoma katika Maktaba ya Bunge.

Katika masomo hayo yote alikutana na wataalamu walioshikilia kwamba Mtu Mweusi hana historia ya kuchunguzwa. Woodson hakushindana nao kwa maneno matupu. Aliona kwamba dai la namna hiyo haliondolewi kwa hasira, bali kwa ushahidi. Tarehe 9 Septemba, 1915, mjini Chicago, yeye na wenzake wachache walianzisha Chama cha Kuchunguza Maisha na Historia ya Watu Weusi. Mwezi wa Januari 1916 alitoa jarida la kwanza la chama hicho, gharama zake akizitoa mfukoni mwake, ijapokuwa hakuwa na kitu ila mshahara wa ualimu. Mwaka 1921 alianzisha kampuni ya kuchapa vitabu, kwa sababu wachapaji wakubwa hawakuvitaka vitabu vya namna hiyo. Mwaka 1922 alitoa kitabu kikubwa cha historia ya Watu Weusi kwa ajili ya shule, kikapigwa chapa mara nyingi. Mwaka huo huo alinunua nyumba katika Mtaa wa Tisa mjini Washington. Chini palikuwa ofisi na stoo ya vitabu, na juu ndipo alipolala. Hakuoa kamwe.

Lakini Woodson alikuwa mwalimu kabla hajawa mtaalamu, na hapa ndipo ninapoona ukubwa wake. Alitambua kwamba jarida la wataalamu halimfikii mwalimu wa shule ya kijijini, na kama halimfikii mwalimu, halimfikii mtoto. Katika majimbo ya kusini wakati huo shule za Watu Weusi zilitengwa, zilipewa fedha chache, na mara nyingi zilipewa vitabu vichakavu vilivyokwisha kutumiwa na shule za weupe. Hata vitabu hivyo havikuwa na neno jema juu ya watoto waliovisoma. Mwalimu naye alikuwa amefundishwa kwa vitabu hivyo hivyo. Angeweza kufundisha nini?

Basi mwezi wa Februari 1926 Woodson alianzisha Juma la Historia ya Watu Weusi. Alichagua juma la pili la mwezi huo kwa sababu lina sikukuu za kuzaliwa kwa Rais Abraham Lincoln na Frederick Douglass, ambazo watu walikuwa wamekwisha zoea kuziadhimisha. Hakusema tu kwamba walimu washerehekee, kisha akawaacha. Chama kiliwatayarishia picha za kubandika ukutani, habari fupi za watu mashuhuri, michezo ya kuigiza na mipango ya masomo. Mwaka 1927 akaanzisha masomo kwa njia ya posta, ili mwalimu aliye mbali na chuo ajiendeleze akiwa kwake. Akaandika kitabu cha watoto wa shule za msingi mwaka 1928 na kingine cha sekondari mwaka 1935. Kisha mwezi wa Oktoba 1937, kwa shauri la Bibi Mary McLeod Bethune, aliyekuwa rais wa chama, akaanzisha gazeti dogo kwa ajili ya walimu na wanafunzi, lililotoka kila mwezi wakati wa masomo.

Walimu wengine walivitumia vitabu hivyo kwa kujihatarisha. Mwaka 1925, katika mji wa Muskogee, Oklahoma, wakuu wa elimu walikipiga marufuku kitabu chake. Katika jimbo la Louisiana, miaka ya 1930, mwalimu mmoja wa kike aliweka muhtasari wa serikali juu ya meza, na kitabu cha Woodson mapajani. Darasa likiwa peke yake, aliwasomea wanafunzi kutoka mapajani. Mwalimu mkuu akiingia, macho yake yalihamia mezani. Mwanafunzi wake mmoja aliyaona hayo na hakuyasahau mpaka uzeeni. Ndugu wasomaji, hebu tufikiri kidogo. Mwalimu yule angeweza kupoteza kazi, lakini aliona kwamba kuwanyima watoto habari zao ni hasara kubwa zaidi.

Kuhusu fedha, Woodson alipata taabu siku zote. Hapo mwanzo mifuko mikubwa ya matajiri ilimsaidia, lakini yeye hakukubali chama kiongozwe na mtu wa nje, na kufikia miaka ya 1930 misaada hiyo ilikauka. Tangu hapo chama kilitegemea zaidi michango ya watu wake wenyewe, hasa walimu, makanisa na vyama vya kina mama, waliotoa kidogo walichonacho. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Alikuwa mtu mkali, asiyependa mzaha kazini, na aligombana na wengi. Alipokuwa mkuu wa kitengo katika Chuo Kikuu cha Howard, hakukaa zaidi ya mwaka mmoja kabla hajakosana na rais wa chuo. Langston Hughes, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri, alifanya kazi ofisini mwake alipokuwa kijana. Kazi yake ilikuwa kufungua ofisi asubuhi, kuwasha tanuri, kufunga vifurushi vya vitabu na kupanga maelfu ya majina kwa taratibu ya alfabeti. Kazi hiyo ilimchosha macho, akaiacha. Lakini Hughes mwenyewe alikiri kwamba mkubwa wake alifanya kazi nyingi kuliko mtu yeyote pale.

Daktari Woodson alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Aprili, 1950, katika nyumba yake ile ile ya Mtaa wa Tisa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Mwaka 1976 lile juma lake likatambuliwa na Rais wa Marekani kuwa mwezi mzima, na mwaka 2006 nyumba yake iliwekwa miongoni mwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Chama chake kingaliko, na gazeti lake la walimu lingali likitolewa, ijapokuwa majina yamebadilishwa.

Mimi katika maisha haya najifunza mambo mawili. La kwanza, mwalimu naye ni mwanafunzi, na anahitaji vitabu, picha na masomo kama sisi tunavyohitaji. Asiyesaidiwa hawezi kusaidia. Tukimwona mwalimu wetu wa historia anakata picha gazetini na kuzibandika kwenye ubao, tusicheke, maana anafanya kazi ya Woodson. La pili, kitabu kisipokuwapo si mwisho wa elimu. Woodson alianza kwa kuwasikiliza wazee machimboni. Sisi nasi tutakapofunga shule tutarudi kwetu, na kila mmoja wetu ana mzee karibu naye anayejua jambo ambalo halijaandikwa popote. Tuchukue daftari na kalamu, tuketi chini, tumwulize. Mzee huyo hatatungoja miaka yote.